Cherehani Madhabahuni

Mtaani wananiita Fundi Haleluya, na wasidhani sijui kwamba jina lenyewe lina kejeli ndani yake. Kanisani mhubiri akivuta pumzi tu, hajasema neno, mimi nimeshaitikia. Amina yangu inafika mpaka kwa muuza mkaa ng'ambo ya barabara. Muuza mkaa mwenyewe si wa dini yetu, lakini aliwahi kuniambia kwamba anajua ibada imefika wapi kwa kunisikiliza mimi. Nilichukua kama sifa. Mke wangu akasema haikuwa sifa. Huyu mwanamke ana tabia ya kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

Kazi yangu ni kushona. Nashona suruali, magauni, sare za shule, na mashati ya wanaume wenye vitambi, ambayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mwenye kitambi hakubaliani na utepe wa kupimia. Kibanda changu kimebanwa kati ya karakana ya seremala na duka la vipuri vya baiskeli. Tangu nianze kazi nilikuwa na cherehani moja tu, nyeusi, ya miguu, ya chuma kizito, ambayo marehemu baba alininunulia siku nilipohitimu kwa fundi wangu. Kanyagio lake lilikuwa na mlio, kwii, kila unyayo ukienda mbele. Tone la mafuta linaunyamazisha, mafuta yakikauka unarudi. Wanangu wote wamelelewa na mlio huo. Nisipate dhambi, lakini niliipenda ile cherehani kuliko baadhi ya ndugu zangu, na ndugu wenyewe wanalijua hilo.

Sasa kanisa letu lina desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila mwaka tuna Jumapili ya Kujitoa. Kila mtu analeta kifaa cha kazi yake, anakiweka mbele chini ya madhabahu, anasema kwa sauti, Bwana, chukua, ni chako. Mpishi analeta mwiko, kinyozi mashine ya kunyolea, seremala randa, mimi mkasi. Watu wanalia. Mimi huwa nalia mapema kidogo, ili wengine wapate kuanza. Halafu ibada ikiisha, mchungaji akiwa mlangoni anasalimiana na wageni, sisi tunazunguka nyuma kwa mlango wa pembeni, kila mtu anaokota chake bila kumwangalia mwenzake usoni, tunaenda nyumbani kula. Kesho yake mwiko uko kwenye sufuria na randa iko kwenye ubao. Mchungaji wetu wa zamani, ambaye sasa amestaafu, alikuwa hata anavuta mazungumzo pale mlangoni makusudi, ili tumalize kwa amani. Hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Tatizo lilianza na seremala. Yeye na mimi ni majirani kazini, wote ni wazee wa kanisa, tunaketi benchi moja la mbele, na hatujawahi kukubaliana jambo lolote isipokuwa kwamba kila mmoja anamwona mwenzake mnafiki. Mwaka huu, wiki ya Jumapili ya Kujitoa, nikamwona anapiga msasa mlango mzima wa mbao nzito, wenye nakshi juu mpaka chini. Nikamuuliza ni wa nani. Akaniambia, huku anatabasamu na vumbi lake, kwamba mwaka huu ameona randa ni kitu kidogo mno kumpa Mungu.

Damu ikanichemka. Mkasi wangu mbele ya mlango mzima ungeonekana nini? Nikalala na jambo hilo, nikaamka nalo, na Jumapili asubuhi nikakodi mkokoteni. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama cherehani inavyofungwa kamba. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mchungaji mpya akifanya mzaha. Nikamwambia aende akavae.

Huyu mchungaji mpya alikuwa hajamaliza hata mwezi kwetu. Kijana mwembamba, mpole, mwenye kola iliyofumuliwa na kugeuzwa ili upande uliochakaa uangalie ndani. Mambo hayo macho yangu hayayapiti. Hakuna aliyemweleza desturi yetu. Katibu alidhani nimemweleza mimi, mimi nilidhani ni seremala, na seremala alidhani jambo lenyewe halina haja ya kuelezwa, kwa sababu hakuna mtu anayeelezwa avue viatu akienda kulala.

Siku hiyo akahubiri juu ya gharama ya kumfuata Yesu. Alisema watu wengi wanapenda kumfuata ilimradi njia ipite karibu na nyumbani kwao. Alisema mtu asiahidi vyote kama anajua ndani ya moyo wake kwamba kuna kimoja amekificha nyuma ya mlango. Nikaitikia amina mpaka koo likauma. Sikujua naitikia kesi yangu mwenyewe.

Wakati wa kujitoa ulipofika, seremala akapita na mlango wake kichwani, watu wakaguna kwa kustaajabu. Ndipo nikawaashiria wanaume wanne wa kwaya. Cherehani ikapita katikati ya kanisa, miguu yake ya chuma ikikwaruza mabenchi, hata watoto wakaacha kulia. Ikatuliwa mbele. Nikaweka mkono juu yake, nikafumba macho, nikasema, "Bwana, chukua. Hata hii. Hasa hii." Hiyo "hasa hii" niliibuni palepale, na nikaona imekaa vizuri. Kisha nikafumbua jicho moja kumtazama seremala. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa ukutani na hakuna mtu aliyekuwa akiuangalia tena.

Mchungaji alikuwa analia. Si kulia kwetu kule kwa desturi; alikuwa analia kama mtu aliyepokea habari. Akageuka, akaingia chumba cha nyuma, akarudi amebeba gitaa. Akaliweka karibu na cherehani, akakaa nalo pale kidogo, mkono wake haukutaka kuliachia, halafu ukaliachia. Nikafikiri moyoni, kumbe kijana ameshaishika desturi yetu. Nikampigia amina.

Akasimama mbele yetu akasema tangu aanze huduma ameona watu wakimpa Mungu makombo, lakini leo ameona kanisa. Akasema vitu vile havitauzwa. Wako watu mtaani wenye mikono na ujuzi ila hawana vifaa, na wiki hiyohiyo ataanza kuwapelekea. Kisha akatuomba tuombe. Tukaomba. Sijawahi kusikia kanisa letu likiomba kwa dhati namna ile. Kila mtu alikuwa anaombea chake.

Baada ya ibada tukazunguka nyuma kama kawaida. Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa. Kinyozi akautikisa, mpishi akautikisa, seremala akainama kuchungulia tundu la ufunguo. Ikabidi tuanze kuongea juu ya mvua.

Wiki iliyofuata nilishona kwa mkono. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kibanda kimejaa vitambaa vya sare, wazazi wanapita kuuliza, na mimi nimekaa na sindano na uzi kama bibi anayeziba soksi. Vidole vikavimba. Nikimlalamikia mke wangu, ananijibu maneno mawili tu: "Hasa hii." Anayasema kwa upole, na hapo ndipo yanapochoma.

Tukakutana kwenye karakana ya seremala, sisi waathirika. Mpishi alisema mwiko ule ni wa mama yake na miko mingine haijui sufuria zake. Kinyozi alikuwa ameazima mashine inayong'oa nywele badala ya kukata, wateja wanaondoka na nusu kichwa. Tukakubaliana kwamba mchungaji lazima aelezwe, kwa heshima, kwamba kujitoa kwetu ni kwa moyo, na vifaa ni ishara tu. Halafu tukaanza kutegeana nani aende. Hatimaye kinyozi akasema aende Fundi Haleluya, kwa kuwa sauti anayo. Wote wakainua mikono. Jamani, sauti.

Nikaenda alasiri, nimepanga maneno yangu kichwani kuanzia salamu mpaka kuaga. Mchungaji alinipokea kwa furaha, akanipa kiti, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mke wake akaniletea chai. Ukutani kulikuwa na msumari mmoja, na chini yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya kwa umbo la gitaa, pale ambapo vumbi na jua havikuwahi kufika. Nikajikohoza nianze. Akaniwahi.

"Mzee wangu, wewe ndiye uliyenisaidia," akasema. "Gitaa lile nimeishi nalo tangu chuoni. Mama watoto alikuwa analiita mke mwenza. Kila nikihubiri juu ya kuacha vyote, ninajua kuna kitu nyuma ya mlango. Cherehani yako ilipopita katikati ya kanisa niliona aibu. Nikasema, mzee huyu anatoa mkono wake wa kulia, na mimi nang'ang'ania nyuzi sita."

Akaniambia gitaa ameshampa kijana mmoja asiyeona anayeimba nje ya hospitali. Na cherehani nayo ilikuwa imekwenda jana yake kwa mama mmoja anayefulia watu nguo mtaa wa chini. Alijifunza kushona usichanani, akaolewa, akaachwa, na hakuwahi kuwa na cherehani yake. Sabuni ilikuwa imempasua mikono.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakayeyuka. Ungekuwa wewe ungesemaje? Mchungaji, samahani, sisi tulikuwa tunaigiza, ni wewe peke yako uliyetoa? Nikameza chai ikaniunguza mpaka tumboni. Nikasema nilikuja kuwajulia hali tu. Nikaaga, nikarudi karakanani, na pale nilisemwa mpaka nikahisi masikio yanawaka. Seremala alisema siku zote alijua kwamba mimi ni ngoma ya ibada, kwenye kazi hakuna kitu. Akaenda mwenyewe kesho yake, akamwaga kila kitu. Seremala hana haya, na kwa mara ya kwanza nililala vizuri kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine. Nilijua cherehani itarudi.

Jumapili mchungaji akasimama mbele, hana hasira hata kidogo, afadhali angekasirika. Akasema yeye ni mgeni, amesoma vibaya desturi ya wenyeji, na anaomba radhi. Mlango wa pembeni uko wazi. Kila mtu achukue chake bila aibu, na vilivyokwisha kutoka atavifuata mwenyewe. Mahubiri yalikuwa mafupi. Tukatoka na kuzunguka nyuma, safari hii mchana kweupe, kila mtu anajua kila mtu anafanya nini. Mpishi aliuingiza mwiko ndani ya kitenge. Kinyozi alitia mashine mfukoni. Seremala alibeba mlango wake kichwani akapita nao mbele ya muuza mkaa, kwa sababu mlango hauingii mfukoni. Mimi nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikingoja changu kiletwe.

Baada ya chakula mchungaji akaja. Mke wangu alikuwa kizingitini anamenya viazi vya jioni; akampisha, akarudi kwenye viazi vyake. Mchungaji akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mzee wangu, nikuulize kitu kimoja kabla sijaenda kwa yule mama," akasema. "Ile cherehani, ulikuwa umeitoa, au ulikuwa umeileta tu?"

Majibu nilikuwa nayo mengi. Ningeweza kumwambia habari za sare za shule, habari za marehemu baba, habari za ishara na moyo. Nikamtazama mke wangu. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Nilikuwa nimeileta," nikasema. "Nilitaka seremala aione."

Akatikisa kichwa polepole, wala hakushangaa. Akasema vizuri, kesho atakwenda kumwomba yule mama airudishe. Akainuka. Nilimwona anavyoinuka, jamani, kama mtu aliyezeeka pale kitini. Na mimi mdomo huu, ambao haujawahi kunisaidia maishani, ukafunguka wenyewe.

"Na gitaa lako, utalifuata lini?"

"Gitaa nilikuwa nimelitoa," akasema.

Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayekwambia saa. Ikanichoma kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyaitikia. Nilikuwa nimekaa kanisani nusu ya maisha yangu napiga kelele za kukubali, na kijana wa juzi, kwa kuniamini mimi, amefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya hata mara moja.

"Basi usiende kwa yule mama," nikasema.

"Mzee, usifanye hivyo kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako. Nenda upesi kabla sijabadili mawazo. Cherehani ikae hukohuko. Ile Jumapili sikutoa kitu. Leo ndiyo natoa."

Hakukuwa na kwaya. Hakuna aliyeguna wala aliyelia, na seremala, ambaye ningependa sana awepo, alikuwa kwake anarudishia mlango wake vumbi. Mchungaji akanishika mkono, akatoka. Hajafika hata barabarani nikaanza kujuta. Nikainuka nimwite, sitaficha, nikafika mpaka mlangoni na jina lake liko kwenye ulimi. Mke wangu hakunizuia. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuwa na neno. Nikarudi nikakaa.

"Kesho tutakula nini, sijui, baba watoto," akasema baadaye. "Leo tutakula viazi." Akanipakulia kikubwa kuliko vyote.

Sasa naajiriwa. Kibanda nimekirudisha kwa mwenyewe, na nafanya kazi kwa fundi mmoja wa rika la wanangu, mwenye cherehani za umeme zimepangwa mstari. Ananipa pindo, vifungo na zipu. Mbele ya wateja ananiita babu, tena kwa heshima, hilo ndilo linalokera. Mimi niliyewakatia suti wazee wote wa mtaa ule, naletewa suruali na kuambiwa, babu, hapa punguza kidogo. Nakasirika kila siku kabla ya chai, natubu baada ya chai, na jioni nakasirika tena.

Na sitasema uongo, nilitegemea Mungu anilipe. Shuhuda nimezisikia nyingi, mtu katoa kimoja kapata viwili, tena vipya. Nikakaa mkao wa kupokea. Lori likisimama karibu na kwetu nachungulia dirishani. Mke wangu akagundua, akaniuliza nangoja mzigo gani. Mpaka leo lori lililosimama kwetu ni moja tu, na dereva alikuwa anauliza njia.

Kwenda kazini, njia fupi inapita mtaa wa chini, mbele ya chumba cha yule mama. Kwa hiyo nilikuwa napita njia ndefu. Lakini juzi mvua iliharibu ile ndefu, ikawa matope matupu, na viatu vyangu ni hivi hivi. Nikapita ya chini, nimeinamisha uso, natembea kama mtu anayedaiwa. Nikasikia kwii. Kwii. Kavu kabisa, ya kuumiza meno.

Nilijikaza, nikapita. Nikafika kona. Nikarudi.

Nikabisha hodi. Mama akainua uso kutoka kwenye gauni la mtoto. Pindo lilikuwa limekwenda kombo, nikajizuia nisiseme. Hakunijua. Mchungaji hakuwahi kumtajia mtu. Nikamsalimia, nikamwambia nilikuwa napita tu nikasikia kanyagio linalia, na kama hatajali, ninalo kopo la mafuta kwenye mfuko. Ni mazoea ya zamani, nilikuwa bado natembea nalo wakati sina cha kukipaka. Akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikasema huwa najaribujaribu.

Nikapiga magoti. Najua pa kutia bila kutazama. Chuma kilikuwa na joto la mguu wake. Akakanyaga, ikaenda kimya, akacheka kama mtoto, akakanyaga tena. Mikono yake ilikuwa bado na mipasuko ya sabuni, ila imeanza kufunga. Nikamwachia na kopo lenyewe, nikamwambia atie tone akisikia mlio. Kopo hilo nalo lilishaanza kuniuma kabla sijainuka.

"Asante sana, baba," akasema. "Unajua cherehani hii nilipewa bure. Kuna mtu aliitoa kwa Mungu, sikuwahi kumjua. Huwa nawaza alikuwa na moyo wa namna gani."

Mimi naujua moyo wake. Ningeweza kumweleza mpaka jioni. Nilisimama pale mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, nikitafuta pa kuweka macho.

"Mungu ambariki popote alipo," akasema, akainama kwenye gauni.

Nikasema amina. Niliisema taratibu, na nadhani hakuisikia.